Picha kubwa bila pambizo: Usikubali printa imkate shosho bega

Umepiga picha safi ya familia. Watu 12 wamejipanga, na shosho yuko mwisho kabisa upande wa kushoto na leso yake mpya. Unaipeleka ichapishwe kwa saizi ya A2, bila pambizo nyeupe, itundikwe sebuleni. Inatoka rangi ziko poa, lakini shosho amekatwa bega.

Ukiuliza, fundi anakujibu, "Mashine ndiyo hufanya hivyo." Na hakudanganyi. Shida ni kwamba yeye alijua, wewe hukujua, na pesa zilizoenda ni zako.

Iwe unalipwa kupiga picha za mahafali na harusi, au unataka tu kupamba chumba chako, kuna jambo moja la kuweka akilini: picha "bila pambizo" si lazima iwe picha ya "saizi kamili".

MBONA PRINTA INAKATA?

Karatasi haiingii kwenye printa ikiwa imenyooka kabisa kila mara. Inaweza kusogea kidogo tu, na hapo mstari mweupe utaonekana upande mmoja. Ili kuuzuia, printa huikuza picha iwe kubwa kuliko karatasi, kisha humwaga wino hadi nje ya ukingo. Wino huo wa ziada hufyonzwa na sponji iliyo ndani ya mashine.

Kwa hivyo chochote kilichokuwa ukingoni kabisa hakifiki kwenye karatasi. Na kile kilichobaki nacho kimekuzwa kidogo. Kwa picha moja ya ukutani huenda usitambue. Lakini ukichapisha picha moja iliyogawanywa vipande vitatu vya kutundikwa kando kwa kando, mistari haitakutana. Na mwanafunzi wa usanifu majengo akichapisha mchoro wenye vipimo kwa njia hii, vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

ANZA NA UMBO

Kabla hujailaumu printa, angalia umbo la picha yako. Kamera nyingi za kazi hupiga kwa uwiano wa 3:2. Simu nyingi hupiga kwa 4:3. Karatasi ya A2 ni milimita 420 kwa 594, na uwiano wake haulingani na wowote kati ya hizo mbili.

Fanya hesabu. Picha ya 3:2 ikijaza upana wa milimita 420, urefu wake unafika 630. Karatasi ina 594 pekee. Milimita 36 lazima zitupwe, yaani 18 kila upande ukigawanya sawa. Hapo bado mashine haijaongeza ukataji wake. Picha ya simu nayo ikijaza urefu wa 594, upana unakuwa kama milimita 445, na 25 hivi zinaenda.

Basi kata picha mwenyewe kwenye programu ya kuhariri, kwa uwiano wa karatasi, ukiamua ni nini kibaki. Usimwachie fundi uamuzi huo. Yeye hamjui shosho wako.

NJIA TATU ZA KUPATA SAIZI KAMILI

Ya kwanza: punguza ukuzaji. Kwenye printa nyingi za Epson na Canon kuna kidude cha kuburuta kinachoamua picha ikuzwe kiasi gani. Ukikisukuma hadi kiwango cha chini, kinachokatwa kinapungua. Ubaya ni kwamba karatasi ikipinda kidogo tu, mstari mweupe unarudi.

Ya pili: izuie mashine kukuza. Baadhi ya printa kubwa za Epson zina chaguo mbili, "Auto Expand" na "Retain Size". Ya kwanza hukuza picha yenyewe. Ya pili huiacha saizi uliyoitengeneza. Ukitumia hii, andaa faili kubwa kidogo kuliko karatasi. Kwa A2, tengeneza milimita 426 kwa 600, yaani 3 za ziada kila upande, na usiweke kitu cha maana kwenye hizo 3. Zitakazopotea ni zile ulizotenga zipotee.

Ya tatu ndiyo ya uhakika zaidi: chapisha kwenye karatasi kubwa, kisha kata. Karatasi ya inchi 24 inayokuja imeviringishwa kama mkeka ina upana wa milimita 610. Laza A2 hapo kwa upande wake wa 594, unabaki na milimita 8 kila upande. Weka alama za kukatia, chukua rula ya chuma na kisu kikali, ukate taratibu. Hakuna kukuza, hakuna kubahatisha. Kwa vile vipande vitatu vya ukutani, hii ndiyo njia.

Kumbuka pia fremu. Mdomo wake hufunika milimita kadhaa za picha pande zote. Pima fremu kwanza, ndipo uchape.

PIMA KABLA HUJALIPIA

Kuna jaribio rahisi. Chora mstari wa milimita 100 kamili ndani ya faili, kisha omba ichapishwe kwenye karatasi ya bei nafuu kwa mipangilio ileile. Pima kwa rula. Ukipata 102, mashine imekuza kwa asilimia 2. Karatasi moja hafifu ni bei ndogo kuliko kurudia A2 ya kung'aa.

Na tafadhali, usitume picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inapunguzwa pikseli. Itume kama dokumenti, au beba flashi. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upande mrefu inakupa takriban pikseli 170 kwa kila inchi kwenye A2, ambazo zinatosha kwa picha ya kutazamwa ukiwa umeketi kwenye kochi. Ikishapunguzwa, hata saizi sahihi haitaiokoa.

Ukifika kaunta, uliza maswali matatu kabla hujatoa pesa: Mashine yako inakuza kiasi gani? Unaweza kuizuia isikuze? Kama haiwezi, unaweza kuchapisha kwenye karatasi kubwa unikatie? Fundi anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Akianza kuzungukazunguka, beba flashi yako uende duka linalofuata.