Uzito wa Pikapu Katika Njia za Masika

Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, sehemu kubwa ya uwanda wa Mkata, katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hugeuka kuwa tope. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi huvimba unyonyapo maji, ukanata magurudumuni. Magharibi ya Kilosa huinuka milima ya Rubeho, ambako njia za vijijini ni za mwinuko mkali. Katika mazingira hayo, pikapu iendeshwayo kwa magurudumu yote manne huchukua dawa, mbegu, na mara nyingine mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Gari likikwama, saa zinazopotea ni za mama huyo.

Madereva wengi hudhani kuwa tiba ya kukwama ni injini kubwa zaidi. Elimu ya fizikia huonyesha njia nyingine: kupunguza uzito wa gari lenyewe. Hata hivyo, faida ya kila kilo iliyopunguzwa hutegemea ardhi inayopitwa, na zipo kilo zisizofaa kuondolewa kamwe.

Mlimani

Ichukuliwe mfano wa pikapu yenye tungamo la kilo 2,600 pamoja na shehena, ikipanda mwinuko wa 1 kwa 10. Kani ya graviti inayoivuta nyuma ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani nyutoni 2,550. Barabara laini ya udongo nayo huzuia magurudumu. Ukinzani wake ukiwa asilimia 4 ya uzito, huongezeka nyutoni 1,020. Jumla ni nyutoni 3,570. Kwa kuwa nguvu ni kani mara mwendo, injini inayofikisha kilowati 40 magurudumuni italipandisha gari hilo kwa mita 11.2 kwa sekunde, yaani kilomita 40 kwa saa.

Zikiondolewa kilo 200, kani zote mbili hupungua kwa uwiano uleule, na mwendo hufikia karibu kilomita 44 kwa saa. Injini haikuguswa.

Mafuta yanayookolewa, lakini, ni machache. Kuinua kilo 200 hadi kimo cha mita 300 huhitaji jouli 588,000, nayo injini ya dizeli huweza kupata kazi ya takriban jouli milioni 11 kutoka katika lita moja. Kwa hiyo mlima mzima huokoa kama sehemu moja ya ishirini ya lita. Faida iliyo kubwa zaidi huonekana wakati wa kuteremka, kwani nishati ya kimo hicho hugeuka kuwa joto katika breki. Gari jepesi huzichosha breki kidogo zaidi.

Topeni na mchangani

Katika karne ya 18 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alieleza kwamba uimara wa udongo hutokana na mambo mawili: mshikamano wa chembe zake, na msuguano baina ya chembe hizo. Katika mfinyanzi uliolowa, mshikamano ndio wenye nguvu, nao hutegemea eneo ambalo tairi linagusa. Kuongeza uzito hakuongezi mshiko kwa kiasi cha maana. Huzidi tu kulididimiza gurudumu, ambalo hulazimika kuendelea kupanda kutoka katika shimo lake lenyewe. Kwenye mchanga mkavu msuguano ndio unaotawala, na uzito juu ya magurudumu huongeza mshiko. Ndiyo sababu pikapu tupu, yenye mkia mwepesi, huzungusha magurudumu ya nyuma bure mchangani.

Kuna jambo linalosahauliwa mara nyingi. Kanieneo ya tairi juu ya ardhi hukaribiana na kanieneo ya hewa iliyo ndani yake. Gari likipunguzwa uzito bila kupunguzwa hewa, eneo linaloguswa hupungua pia, na kanieneo hubaki karibu ileile. Faida kamili hupatikana hewa inapopunguzwa kwa kiasi, jambo ambalo gari jepesi hulistahimili vizuri zaidi. Lakini sharti tairi zijazwe tena kabla ya kuingia barabara kuu ya lami pale Mikumi, kwa maana tairi laini likikimbizwa hupata joto na huweza kupasuka.

Elimu hii ya magurudumu na udongo iliendelezwa na Mieczysław Bekker, mzaliwa wa Poland, aliyeshiriki pia kubuni gari lililoendeshwa mwezini mwaka 1971. Gari hilo lilikuwa na tungamo la kilo 210 hivi, na liliweza kubeba zaidi ya maradufu ya tungamo lake.

Kilo zipi ziondolewe?

Land Rover ilipotokea mwaka 1948, bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Densiti ya alumini ni karibu theluthi moja ya ile ya chuma. Fremu, inayobeba mzigo wote, ilibaki kuwa ya chuma.

Mfano huo ni mwongozo mwema. Kwanza viondolewe vitu vilivyo juu, kama keria nzito ya paani, maana huinua kitovu cha uzito na kulifanya gari lipinduke upesi kwenye mteremko wa ubavuni. Kisha bampa nene za nyongeza na vyuma visivyotumika. Ringi za aloi ni nyepesi, ila zikipasuka fundi wa kijijini hawezi kuzinyoosha kwa nyundo kama za chuma. Kwa njia za Kilosa, uzito huo mdogo wafaa kuvumiliwa.

Tairi la akiba, jeki, sepetu, kamba ya kuvutia na maji ya kunywa visiguswe. Fremu isitobolewe. Na nafasi iliyopatikana isijazwe magunia mengine ya mahindi.

Wanafunzi waweza kuyapima haya kwa kigari cha mbao, ubao ulioinamishwa na mizani ya springi. Kigari hicho kivutwe pia juu ya trei mbili, moja ya mfinyanzi uliolowa na moja ya mchanga mkavu, huku mawe yakiongezwa moja moja, na kani ya kila mara iandikwe.