Hisabati: Sifa tatu za kujumlisha zinazompunguzia mtoto mzigo

WAZAZI wengi huamini kuwa kujumlisha ni jambo la kukariri tu. Jioni mtoto huketishwa, akaulizwa 3 na 9 ni ngapi, 7 na 8 ni ngapi, na akikosea hukemewa au hata kuchapwa. Kumbe aghalabu tatizo si uvivu wala uzito wa akili. Mtoto huyo hajaelezwa sifa za kimsingi za kujumlisha, na kwa sababu hiyo anatwikwa mzigo mkubwa kuliko unaohitajika.

Hebu kwanza tuupime mzigo wenyewe. Tarakimu tunazotumia ni 10, kuanzia 0 hadi 9. Ukijumlisha kila tarakimu na nyingine zote, na pia yenyewe kwa yenyewe, utapata hesabu 100. Mtoto anayekariri pasipo kuelewa hukabiliana na hesabu hizo zote, moja baada ya nyingine, kana kwamba hazina uhusiano wowote.

Kubadilisha nafasi

Sifa ya kwanza ni kwamba nambari mbili zinaweza kubadilishana nafasi na jumla isibadilike. 3 + 9 ni 12, na 9 + 3 ni 12 vilevile. Mwekee mtoto punje 3 za maharagwe katika mkono wa kulia na 9 katika mkono wa kushoto, kisha umwambie avuke mikono. Hakuna punje iliyoongezeka wala iliyoanguka. Ataona kwa macho yake kile ambacho angeambiwa mara ishirini bila kukisadiki.

Faida yake ni kubwa. Katika zile hesabu 100, ni 10 tu, mathalani 4 + 4, zisizo na pacha. Zile 90 zinazosalia hugeuka kuwa jozi 45. Kwa hivyo mtoto anabakiwa na hesabu 55 za kujifunza. Aidha, anayehesabu kwa vidole hurahisishiwa kazi. Badala ya kuanza na 3 na kupanda hatua tisa, ataanza na 9 na kupanda hatua tatu pekee: 10, 11, 12.

Nafasi ya sifuri

Sifa ya pili inahusu sifuri, neno tulilolipata kutoka kwa Kiarabu na ambalo asili yake ni utupu. Nambari yoyote ikijumlishwa na sifuri hubaki vile ilivyokuwa. 6 + 0 ni 6, na 4,500 + 0 ni 4,500. Jambo hili laonekana dogo, lakini halikuwa dhahiri tangu zamani. Mnamo mwaka wa 628, Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni za kutumia sifuri katika hesabu kama nambari nyingine yoyote.

Miongoni mwa hesabu 55 tulizobaki nazo, 10 zina sifuri ndani yake. Mtoto akiielewa kanuni hii moja, hana haja ya kuzikariri. Mzigo umeshuka kutoka 100 hadi 45, na bado hatujamaliza.

Kupanga makundi

Sifa ya tatu ni kwamba nambari zinapokuwa tatu au zaidi, unaweza kuanza na kundi lolote upendalo. Ukitaka kujumlisha 8 na 7, igawe 7 iwe 2 na 5. Mpe 8 ile 2 ili itimie 10, kisha uongeze 5 iliyosalia. Jibu ni 15. Lugha yetu yenyewe inalitangaza jibu hilo, kwani tunapotamka "kumi na tano" tayari tumejumlisha 10 na 5. Mtoto anayezifahamu vyema jozi tano zinazotimiza kumi, yaani 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, na 5 na 5, anao ufunguo wa hesabu nyingi zilizosalia.

Ufunguo huo hauishii darasani. Tuseme umenunua bidhaa nne dukani kwa Sh135, Sh78, Sh65 na Sh22. Ukizijumlisha kwa kufuata mpangilio huo, huenda ukatatizika. Lakini ukizioanisha, 78 na 22 ni 100, nazo 135 na 65 ni 200. Jumla ni Sh300, na umeipata kabla ya muuzaji kumaliza kuandika. Akikudai Sh330, utamwomba kwa upole arudie hesabu yake.

Hali kadhalika, mweka hazina wa chama aliyejumlisha michango kutoka juu kwenda chini anaweza kujihakiki kwa kujumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Majibu hayo mawili sharti yalingane. Yakitofautiana, kuna kosa mahali fulani, na ni heri aligundue yeye mwenyewe kabla ya wanachama kuanza kumshuku.

Husimuliwa pia kuwa Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1777, alipokuwa mtoto alitakiwa na mwalimu wake kujumlisha nambari zote kutoka 1 hadi 100, naye akatoa jibu papo hapo. Hata kama masimulizi hayo yametiwa chumvi, mbinu yenyewe ni sahihi. 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na kadhalika hadi 50 na 51. Hizo ni jozi 50 za 101, yaani 5,050.

Tahadhari

Hata hivyo, mtoto sharti afahamishwe kuwa sifa ya kubadilisha nafasi na ile ya kupanga makundi hazifai katika kutoa. 9 – 4 si sawa na 4 – 9. Vivyo hivyo, ukianza na 10 – 5 kisha ukatoa 2, unapata 3. Lakini ukianza na 5 – 2 kisha ukatoa jibu hilo kutoka kwa 10, unapata 7.

Hapa ndipo kosa moja linalowasumbua walimu wengi linapozaliwa. Akipewa 42 – 17, mwanafunzi huona kuwa 2 haitoshi kutolewa 7, akazigeuza na kutoa 2 kutoka kwa 7. Anaandika 35 ilhali jibu ni 25. Mtoto huyo hakuandika ovyo. Ametumia kanuni ya kujumlisha mahali isipohusika, na kumchapa hakutamwonyesha mpaka wa kanuni hiyo.

Kwa hivyo mzazi, usiku wa leo mtoto akikosea, usikimbilie kumwambia jibu. Muulize, "Umeipataje?" kisha umpe punje za maharagwe akuonyeshe. Haba na haba hujaza kibaba, na anayeelewa kwa nini kibaba kimejaa hatahitaji kukumbushwa kila siku.