Jokofu na Umeme wa Kukatika na Kurudi

Wako wanaodhani kuwa jokofu, au friji kama wengi wetu tunavyoliita, hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kulichukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, na mwenye kutaka ushahidi na asogeze mkono nyuma ya jokofu lake linapofanya kazi. Jambo lenyewe si geni kwetu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia iliyo jirani na hiyo: maji kidogo hupenya katika vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto.

Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine iliyofanya kazi ya mtungi pasipo kupoteza majimaji yake. Alitumia etha, ambayo hugeuka mvuke upesi, na badala ya kuuacha mvuke huo upotee hewani, aliushindilia kwa pampu hata ukarudi kuwa majimaji. Jokofu la leo halikuuacha mpango huo. Kompresa, ile mashine nyeusi iliyo chini kwa nyuma, huishindilia gesi hadi ikapata moto. Gesi hupita katika mabomba ya nje, ikatoa joto lake na kuwa majimaji. Kisha hupenyezwa katika mrija mwembamba mno, na ikitokea upande wa pili hupata nafasi, ikageuka mvuke tena na kufyonza joto la samaki na maziwa yetu.

Katika jokofu ambalo kampuni ya General Electric ya Marekani ililitoa mwaka 1927, mota na pampu vilifungiwa pamoja ndani ya kasha la chuma lililozibwa kabisa. Ulikuwa uvumbuzi wa maana, kwani gesi haikuvuja tena ovyo. Lakini ndiyo sababu mota ikiungua, fundi hana la kufungua. Hubadilishwa kompresa nzima, kwa gharama inayomfanya mwenye nyumba afikirie kununua jokofu jingine.

Na mota huunguaje? Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi iliyo upande mmoja wa pampu ingali imeshindiliwa. Mota hutaka kuanza, hulemewa, huvuta umeme mwingi na kupata moto. Iko swichi ndogo ya kuikinga, lakini nayo haivumilii kuchezewa kila siku. Zikipita dakika tano hivi, gesi husawazika yenyewe kupitia ule mrija mwembamba, na mota huanza bila taabu.

Unguja ilianza kupata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Tuliukosa kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya, mkubwa zaidi, mwaka 2013. Giza la miezi mitatu halisahauliki; huu umeme wa kukatika na kurudi kwa dakika moja hauandikwi popote, nao huharibu mali za watu kimyakimya.

Wananchi tunawashauri wachomoe plagi mara umeme unapokatika, wasiirudishe mpaka zipite dakika tano tangu umeme urudi, na wasifungue mlango ovyo, kwa kuwa jokofu lililofungwa huhifadhi baridi kwa muda wa saa nne hivi. Katika vituo vya afya, ambako chanjo nyingi hutakiwa zikae baina ya nyuzijoto 2 na 8, awepo mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina.

Kwa wahusika wa umeme tuna ombi moja lisilohitaji fedha za wafadhili. Matengenezo yanayojulikana mapema yatangazwe redioni jioni ya siku iliyotangulia, sehemu kwa sehemu na saa kwa saa, ili muuza samaki ajue kama anunue barafu kabla ya kwenda mnadani.