Fosfeti, Protini na Saratani ya Matiti

Wanawake wawili wa Mkuza, Kibaha, wote wenye uvimbe wa saratani titini, waweza kupelekwa kutoka Hospitali ya Tumbi hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kila mmoja akapewa dawa yake. Kwa nini ugonjwa wenye jina moja utibiwe kwa njia mbili? Jibu limo katika protini za seli.

Protini ikisha kuundwa kwa asidi amino, seli yaweza kuibadilisha tena. Badiliko mojawapo ni kutiwa fosfeti. Mwaka 1955 Edmond Fischer na Edwin Krebs, huko Seattle, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya fulani cha misuli huamshwa kwa njia hiyo. Mwaka 1992 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huchukua fosfeti kutoka ATP na kuibandika juu ya protini, fosfatasi huibandua. Kazi hiyo yafanana na kuwasha na kuzima taa.

Katika utando wa seli za titi mna kipokezi kiitwacho HER2, ambacho sehemu yake ya ndani ni kinasi. Vipokezi viwili vikiungana hubandikana fosfeti. Ndipo taarifa hupita kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, na seli hugawanyika. Katika seli yenye afya taarifa hiyo huzimwa kwa wakati wake. Lakini katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, jeni ya HER2 imejirudufu mara nyingi, hata seli moja yaweza kuwa na vipokezi vipatavyo milioni 2. Kwa kusongamana hivyo, vipokezi huungana vyenyewe, na amri ya kugawanyika haikomi.

Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hunasa sehemu ya nje ya HER2 na kuidhoofisha amri hiyo. Uvimbe unaochochewa na homoni ya estrojeni waweza kutibiwa kwa tamoksifeni, ambayo huziba kipokezi cha homoni hiyo. Uvimbe usio na vipokezi hivyo haufaidiki na dawa hizo mbili; huhitaji tiba nyingine.

Hivyo basi, kuukata uvimbe pekee hakutoshi. Sharti kipande chake kipimwe ili protini zake zijulikane, na mgonjwa awahi hospitali kabla saratani haijasambaa. Mwanafunzi naye na ajiulize: je, seli ambayo fosfatasi zake zimeharibika ingekuwaje?