Kazi yao huyeyuka, jina hubaki

MCHONGAJI wa kinyago cha mpingo akimaliza kazi leo, hata wajukuu zake watakuja kuikuta. Fundi wa kuchonga barafu hana zali hilo. Anahangaika na msumeno mchana kutwa, na kesho yake kilichobaki ni maji ya kudeki! Lakini wewe usicheke, hao jamaa si mchezo.

Tuanze na barafu yenyewe. Itazame ile ya kwenye friji yako, katikati ina weupe kama ukungu. Maji huganda kuanzia pembeni, hivyo hewa na madini husukumwa mpaka katikati na kunaswa humo. Mchongaji haitaki barafu ya namna hiyo. Anatumia mashine maalumu, kama ile ya Kimarekani iitwayo Clinebell, inayogandisha maji kutoka chini kwenda juu, huku pampu ikiyachezesha ya juu yasitulie. Uchafu unabaki juu na kumwagwa. Baada ya siku kama tatu linatoka bonge la kilo 136 hivi, jeupe kama kioo.

Hapo ndipo kasheshe huanza. Bonge lililotoka kwenye friza likikutana na joto ghafla hupasuka, kwa hiyo fundi huliacha kwanza lizoee. Kisha anaingia na msumeno wa mashine, ule ule wa kukatia magogo, kutoa umbo. Macho na manyoya ni kazi ya patasi na vimashine vya umeme. Kipande kikimeguka, anakigandisha tena kwa maji. Na kumbuka, sakafu imelowa na mkononi ana mashine ya umeme. Si mahali pa kuleta masihara!

Sasa sikia ujanja wao. Anayechonga bata maji kwa ajili ya mnuso wa harusi hachongi bata wa saa ile anayomaliza. Anachonga yule ambaye wageni watamkuta wakishakaa. Shingo anaiacha nene kidogo, na mistari ya manyoya anaizamisha zaidi, maana ncha na sehemu nyembamba ndizo huyeyuka kwanza. Ukumbini bata huyo ana saa chache tu za kuringa.

Na bata huyo ana historia yake, bwana. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1890, Escoffier, mpishi wa hoteli ya Savoy ya London, alimwandalia mwimbaji Nellie Melba kutoka Australia matunda ya pichi na aiskrimu juu ya bata maji wa barafu. Bata aliyeyuka zamani, lakini chakula hicho mpaka leo kinaitwa Peach Melba.

Kwenye baridi kali ndiyo usiseme. Huko Harbin, China, ambako tamasha la kila mwaka lilianza 1985, barafu hukatwa kwenye mto Songhua na kujengwa majumba ya kupita watu, na usiku yanawaka taa za kila rangi. Jukkasjärvi, Sweden, kila majira ya baridi wanajenga hoteli kwa barafu ya mto Torne. Joto likirudi, hoteli nayo inarudi kuwa maji. Kule Alaska, Steve na Heather Brice, mtu na mkewe, wamenyakua ubingwa wa dunia mara kadhaa kwenye mashindano ya Fairbanks.

Sasa wanafaidi nini? Picha, malipo na jina. Mwenye vinyago anaweza kuvipanga dukani akasubiri watalii. Wa barafu hana cha kupanga. Kazi ya jana, hata kama ilikuwa bomba vipi, leo haipo. Mteja mpya hana cha kushika na kukagua, anauliza swali moja tu: "Unaweza?" Na jibu lake linaanza upya kila mara, na bonge jipya, saa ikiwa inakimbia.