Hoover kuukuu bado inapiga kazi Kimuka

Huku Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, mashine mpya ya kufua inaweza kugeuka pambo. Inataka maji ya mfereji yenye presha, na kwetu maji huja na boza. Ndiyo maana jirani alipotaka kuwauzia watu wa skrepa Hoover yake ya matangi mawili, nilimwomba aniachie.

Hoover hizi za Uingereza zilitoka Merthyr Tydfil, Wales, kiwanda kilichofunguliwa 1948 na kufungwa 2009. Tangi moja linafua, la pili linakamua. Maji unamimina mwenyewe kwa ndoo, na povu lile lile linafua nyeupe, kisha za rangi, mwisho ovaroli. Kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi, huo si ushamba.

Mathe hufulia watu nguo. Jinsi na blanketi zimemmaliza mikono, hadi akaanza kukataa wateja. Mimi nilikuwa nasomea umeme kabla karo haijakata. Chuo niliacha, multimita nikabaki nayo.

Kabla ya spana, angalia waya. Kwenye mashine za enzi hizo, nyekundu ndiyo yenye stima, nyeusi ni ya kurudi, kijani ni ethi. Siku hizi ni kahawia, buluu, na kijani yenye manjano. Mpira wa waya wangu ulikuwa unapukutika kama mandazi ya juzi, nikang'oa wote. Volti ni 240 kama zetu, kwa hivyo hakuna haja ya transfoma. (Ukiokota ya Marekani ya volti 120, hiyo ni stori nyingine.) Kapasita nayo inaweza kubaki na stima hata plagi ikiwa nje, kwa hivyo imalize chaji kwa bulbu kabla hujaigusa. Halafu pima kati ya bodi ya chuma na ile pini ndefu ya plagi. Kama multimita haisomi karibu na sifuri, ethi haipo, na hapo maji na stima zitakuua. Usiwashe, sijali nguo zimejaa kiasi gani.

Beringi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu namba iko ubavuni. 6204, kwa mfano, ni tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha 47, iwe ya mashine ama ya gari. Nilipanda mathree ya 111 hadi tao, nikatoa beringi na mkanda Kirinyaga Road, kwa wauza spea za magari. Kilichonitesa ni sili ya chini ya tangi. Wiki mbili inavuja! Mwishowe nikapima shafti, nikanunua sili ya oili ya saizi hiyo.

Sasa nguo zikishakamuliwa, upepo ule ule unaozungusha mitambo ya KenGen kule juu vilimani unazikausha fasta. Kola mathe bado anasugua kwa mkono, hapo haamini mashine. Blanketi ameanza kupokea tena. Na jirani juzi alipita, akaangalia, akauliza kama naweza kumuuzia mashine yake.