Fasili, Visawe na Vinyume katika Ujifunzaji wa Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Makala haya yanachunguza mbinu iliyozoeleka katika ufundishaji wa msamiati wa juu wa Kiingereza, yaani kumpa mwanafunzi neno pamoja na fasili, visawe na kinyume chake. Hoja inayotolewa ni kwamba fasili haina budi kutangulia. Orodha ya visawe peke yake hupotosha.

Chanzo cha tatizo kimo katika historia ya lugha yenyewe. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia juu ya yale ya Kianglo-Saksoni. Baadaye wanazuoni wakaongeza ya Kilatini. Ndiyo maana dhana ya kuuliza ina ‘ask’, ‘question’ na ‘interrogate’. Orodha huyaweka matatu haya katika mstari mmoja, ilhali la kwanza ni la mazungumzo ya kila siku na la tatu humweka mtu mbele ya askari mpelelezi. Mwanafunzi anayetumia ‘interrogate’ kueleza jinsi alivyomwuliza mwalimu tarehe ya mtihani huenda asikosee sarufi, lakini amemgeuza mwalimu mtuhumiwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulistaajabia jambo hili: naye ana ‘uliza’ la Kibantu, na ‘hoji’ na ‘saili’ yenye asili ya Kiarabu, wala hayabadilishani nafasi ovyo.

Kamusi ya visawe ya Peter Mark Roget, iliyotoka mwaka 1852, haikutoa fasili. Iliyapanga maneno kwa dhana, na dhana zinazopingana zikakabiliana katika safu mbili. Mpango huo ulimfaa mwandishi aliyekwisha kuyajua maneno, akawa anatafuta lililomponyoka. Mgeni wa lugha anahitaji kitu kingine. Michael West na James Endicott walilitambua hilo katika kamusi yao ya mwaka 1935, walipofasili vidahizo kwa msamiati uliowekewa mpaka wa maneno 1,490.

Kinyume nacho kina kazi ambayo walimu wengi huipuuza: hutenganisha fahiwa za neno moja. ‘Old’ hupingana na ‘young’ kwa watu, na ‘new’ kwa vitu. Vivyo hivyo ‘abstract’ hupingana na ‘concrete’ katika falsafa, lakini katika uchoraji hupingana na ‘figurative’. Kwa hiyo swali la mtihani linalodai kinyume cha ‘abstract’ bila kutoa sentensi halina jibu moja sahihi, na mtahiniwa anayesita mbele yake huenda anaijua lugha kuliko mtahini.